Povu Kwenye Klachi

Ijulikane kwa watu wote wa Masasi, wa Newala, na wa kila kijiji kilicho kati yao, kwamba haijapata kutengenezwa klachi ya kumshinda dereva Fortunatus Nandonde. Tangazo hili lilitolewa na Fortunatus mwenyewe, Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa amelala chali chini ya Land Rover ya Chama cha Ushirika, ambayo ilikuwa haijatoka uani kwa siku tatu. Sababu ilikuwa klachi.

Aliyelisikia tangazo alikuwa mtu mmoja tu: Ziada, mpiga chapa wa ofisi, aliyekuwa amepita kwenda kumwaga machicha ya chai.

"Sasa mbona haliendi, Mzee Fortunatus?"

"Nani kasema haliendi? Linapumzika."

"Haya. Ila keshokutwa si mbali," alisema Ziada, akamwaga machicha, akaenda zake.

Ziada alijua alichokuwa anasema, kwa kuwa barua aliipiga chapa yeye mwenyewe. Barua ilisema hivi: Jumatano saa tisa alasiri, kamati kutoka makao makuu Mtwara itakaa katika ghala la Chama huko Newala kukagua magari. Kila gari lifike pale kwa magurudumu yake. Gari zima litabaki. Gari bovu litapigwa mnada, na dereva wake atapumzishwa.

Neno hilo, "atapumzishwa," lilikuwa limetandikwa vizuri kama kitanda cha bweni siku ya ukaguzi. Lakini Masasi nzima ilijua kilichokuwa chini ya shuka. Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kununua korosho wenyewe, wanakuja na malori yao mpaka mlangoni kwa mkulima, na Chama kilikuwa kinapungua kama kipande cha sabuni kwenye beseni. Kati ya madereva saba, wanne walikuwa wamekwisha kupumzishwa. Mmoja wao, Dunstan, aliyewahi kuendesha lori kubwa la tani saba, sasa alikuwa anauza karanga stendi ya Masasi akizipima kwa kikombe cha chai, na alikuwa hapendi kuamkiwa na watu aliofahamiana nao.

Fortunatus alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo. Hakuwa na nyingine. Hata vyumba viwili alivyoishi na mkewe Paulina, nyuma ya ghala la Masasi, vilikuwa vya Chama. Dereva akitoka kazini, anatoka na chumbani. Kwa hiyo ile pedeli ya klachi, kipande cha chuma kisichozidi kiganja, ndiyo iliyokuwa imeshikilia bati juu ya kichwa chake.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Klachi ya gari lile haikuvutwa kwa waya. Ukikanyaga pedeli, silinda ya juu inasukuma mafuta ya breki ndani ya bomba jembamba. Mafuta yanakwenda mpaka silinda ya chini, ubavuni mwa giaboksi. Silinda ya chini inasukuma fimbo, na fimbo inaitenga injini na gia. Yaani mguu unasema, mafuta yanapeleka habari, gia inasikia. Sasa mguu wa Fortunatus ulikuwa unasema peke yake. Pedeli ilikwenda mpaka sakafuni laini kama inakanyaga uji, wala hairudi. Ukiipampu haraka mara nne au tano, inapata nguvu kidogo, ukaingiza gia kwa kelele za mbuzi anayechinjwa kwa kijiko. Ukingoja kidogo, hata hiyo nguvu imekwisha.

Fortunatus aliupima ugonjwa huo kwa taratibu za daktari mkuu anayezungukia wodi. Kwanza alitazama kama silinda ya juu inavuja karibu na pedeli. Kukavu. Akafuata bomba kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kukavu. Akauminya mpira wa kuunganisha ili aone kama umelegea na kuvimba. Mgumu, mzima. Akafunua kifuniko cha vumbi cha silinda ya chini, pakachuruzika majimaji mpaka kwenye kiwiko.

"Aaa," alisema kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi. "Kumbe ni wewe."

Vikombe vya mpira vya ndani ya silinda vilikuwa vimeisha. Mjini Masasi siku hizo vikombe vya mpira vilikuwepo dukani vimetundikwa kama pipi, vimetoka nchi ambazo Fortunatus hakuzijua hata kwenye ramani. Akavinunua, akavifunga, akakanyaga. Pedeli ikashika. Fortunatus akatabasamu, akawasha, akazunguka ua mara mbili akipiga honi. Alasiri pedeli ikarudi sakafuni.

Jumanne alimwita Paulina amsaidie kutoa upepo. Upepo ukiingia kwenye bomba, mguu unabana upepo badala ya kusukuma mafuta, kwa hiyo lazima mmoja akanyage pedeli na mwingine afungue nati ndogo kule chini ili upepo utoke. Paulina alikaa kwenye kiti cha dereva na khanga yake ya kanisani, mikono mapajani, kama anayesubiri kupigwa picha.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia hapo hapo."

"Nimeshikilia. Mpaka lini?"

"Mpaka niseme." Nati ikafunguliwa, upepo ukatema mate, nati ikafungwa. "Achia!"

"Kitu chenyewe hakirudi, Baba Flora. Kimelala."

"Kiinue kwa kidole cha mguu."

"Kidole changu? Mimi nilikuja kukuuliza kama utakula ugali au makopa."

"Kanyaga, Mama Flora!"

Walikanyaga na kuachia mpaka saa saba. Kila mara upepo ulitoka, na kila mara kulikuwa na upepo mwingine nyuma yake, kana kwamba ndani ya bomba lile kulikuwa na bweni zima la upepo linalotoka kwa mstari. Paulina alichungulia dirishani, akanusa.

"Mbona kunanukia kufua?"

"Nimeoga."

"Lini?"

Fortunatus akakaza nati. Paulina akashuka, akakung'uta khanga, akasema kwa upole, bila kumtazama, "Mimi naona tungeanza kupeleka vitu kidogo kidogo kwa dada, Mkunya. Ili siku wakituambia tutoke, tusihangaike na vyombo barabarani."

"Hakuna chombo kitakachotoka humu!" alifoka Fortunatus kutoka chini ya gari. "Kesho nitalifikisha Newala, watalikagua, na jioni tutalala nyumbani kwetu. Usiniletee msiba kabla ya maiti."

Basi hapa hatuna budi kueleza jambo ambalo Fortunatus hakumweleza mtu, wala yeye mwenyewe hakulifikiria alipokuwa anatafuta ugonjwa, kwa kuwa kwake halikuwa ugonjwa. Kwake lilikuwa dawa.

Miaka ile ya shida, mwanzoni mwa themanini, kopo moja la mafuta ya breki halikupatikana Masasi, wala Newala, wala Lindi. Fortunatus aliwahi kukaa Mtwara siku sita akisubiri kopo ambalo halikuja. Ndipo alipofundishwa na dereva mmoja mzee namna ya kufanya: unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unakikwangua kwa kisu, unakiyeyusha katika maji ya vuguvugu, unachuja kwa kitambaa, unaongeza matone machache ya mafuta ya mbarika ili mpira usikauke. Ukimimina, gari linakwenda. Mwenyekiti wa Chama wa wakati huo alishuka mlima wa Newala kwa sabuni, akafika chini salama, akampa Fortunatus mkono mbele ya watu. Hakuna siku Fortunatus aliyopata kuheshimiwa kuliko hiyo.

Kisha ikaja ruhusa ya biashara na maduka yakajaa. Stoo ya Chama nayo ikaanza kumpa Fortunatus kopo la mafuta ya breki kila baada ya miezi miwili. Kopo la kwanza alilitazama muda mrefu. Lilikuwa jipya, limezibwa, linang'aa. Akawaza: hili nikilimimina leo, siku maduka yakifungwa tena nitafanyaje? Akalipeleka nyumbani, akalitia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. La pili likafuata. La kumi likafuata. Hakuuza hata moja. Kuuza kungekuwa wizi, naye hakuwa mwizi. Alikuwa anaweka. Watu wote wa Masasi walikuwa wanafurahia sukari na mitumba kama watoto wa likizo. Yeye aliona kuwa likizo ina mwisho, na siku kengele ikilia, gari litakalotembea kutoka Ruvuma hadi baharini litakuwa moja tu. Paulina alipouliza kuna nini kwenye lile sanduku, alijibiwa, "Vitu vya ofisi." Paulina hakuwa mtu wa kufungua vitu vya ofisi.

Na klachi ikaendelea kunywa sabuni.

Jumatano saa nne waliondoka Masasi. Paulina alisema anataka kwenda kumsalimu dada yake, ashushwe Mkunya njiani. Nyuma ya gari alipakia mkeka uliokunjwa, mafurushi mawili na dumu la maji la lita ishirini. Mafurushi Fortunatus aliyaona akakunja uso, lakini dumu aliliona sawa. Kwa mtu wa kule juu, mwezi wa Oktoba, hakuna anayeleta sukari wala mchele akaonekana ameleta zawadi. Mabomba ya uwanda wa juu yalikuwa yanakohoa tu, na wanawake walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Mgeni mwenye adabu anatoka bondeni na maji.

Kuendesha bila klachi kuna ufundi wake, na Fortunatus alikuwa nao wote. Unaingiza gia injini ikiwa imezimwa, unawasha, gari linaruka na kuondoka. Baada ya hapo unabadilisha gia kwa kusikiliza: unapunguza moto, unasubiri sauti ifike mahali pake, unapenyeza. Wakapita njia panda ya Lulindi bila kukwaruza hata gia moja.

"Unaona?" alisema Fortunatus. "Klachi ni ya nini hasa? Ni mapambo."

"Basi kama ni mapambo tusingeshinda jana juu yake."

Kuna jambo moja ambalo ufundi huo hauwezi: kusimama na kuondoka tena mlimani. Nusu ya mlima wa kupandia Newala, kwenye kona, walikutana uso kwa uso na lori la mfanyabiashara linaloshuka na magunia ya korosho mpaka juu ya kichwa cha dereva. Barabara ilitosha gari moja. Fortunatus akakanyaga breki, injini ikazima. Lori likapita taratibu, utingo akiwa juu ya magunia anaimba. Kukawa kimya. Fortunatus akaingiza gia, akageuza ufunguo. Starta ikalia, gari likatikisika kama mgonjwa wa malaria, likabaki palepale.

Sasa alihitaji klachi, japo kidogo tu, mara moja. Akafungua kichupa cha mafuta cha silinda ya juu. Kitupu, yote yaliyokuwamo yalikuwa yamevujia barabarani. Akatia mkono mfukoni, akashika kipande cha sabuni alichokuwa nacho siku zote. Sabuni ilikuwapo. Maji hayakuwapo.

Akalitazama dumu.

"Usithubutu," alisema Paulina.

"Kikombe kimoja."

"Maji ya dada yangu, Baba Flora? Nimemwambia nakuja na dumu zima."

"Utamwambia lilimwagika."

"Nianze kusema uongo leo, njiani kwenda kwa dada yangu?"

Lakini alishamimina. Akampa mkewe mgongo, akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akakwangua kwa kisu, akakoroga kwa kidole.

"Unafua nini huko?"

"Nanawa mikono. Ina grisi."

"Kwa maji ya dada yangu," alisema Paulina kwa sauti ndogo, akageukia bondeni.

Alimimina, akapampu mara kumi na tano, pedeli ikashika kwa pumzi moja. Ikatosha. Wakafika juu. Kulikuwa na mikorosho pande zote mbili na harufu ya mabibo yaliyooza chini ya miti, na mbele yao ikatokea Mkunya, na kando ya barabara akatokea dada yake Paulina amesimama na ndoo mbili tupu, anapunga mkono kwa furaha.

"Simama, dada yule!"

"Siwezi kusimama."

"Huwezi nini?"

"Nikisimama sitaondoka!"

Dada mtu akawaona wakija, akawaona wakipita, akabaki na mkono hewani. Paulina alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Nitarudi! Klachi! Ni klachi!" Na dada yake, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, akabaki akilitafakari neno hilo na ndoo zake mbili.

Ndivyo Paulina alivyofika Newala pasipo kukusudia, pamoja na mkeka, mafurushi mawili na dumu la maji lililopungua kikombe kimoja.

Ua wa ghala la Newala ulikuwa na meza moja chini ya upenu. Nyuma ya meza alikaa Bwana Arthur, mkuu wa kamati, kijana wa miaka thelathini hivi mwenye shati la mikono mirefu na jalada la kijani. Pembeni yake, kwenye kreti ya soda, alikaa Halfani, fundi wa Newala aliyekodiwa kuyachunguza magari, mtu mfupi mwenye kucha nyeusi na masikio ya kusikia beringi ya gurudumu inayoumwa toka mtaa wa pili. Fortunatus aliingia uani, akazima kwa ufunguo, gari likaruka kama chura, likasimama hatua nne kutoka kwenye meza. Bwana Arthur alikuwa amekwisha kusimama na jalada lake.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na safari. Tafadhali washa tena, nenda mbele mpaka ule mkorosho, simama, halafu rudi nyuma."

Yote kwa adabu kabisa. Fortunatus angependa atukanwe.

"Injini ina joto," alisema. "Ingeachwa ipoe kidogo."

"Twende na joto lake hilo hilo," alisema Halfani, akainuka. Akamwamkia Fortunatus, akafungua mlango, akainama, akaibonyeza pedeli kwa kiganja. Ikaenda chini bila ubishi. Akalala chini ya gari. "Mzee, kanyaga. Achia. Kanyaga tena." Alikuwa anaitazama ile fimbo ya silinda ya chini. "Inatakiwa isogee nusu kidole. Hii inasogea kama ukucha. Nani alifunga vikombe hivi?"

"Mimi. Juzi."

"Umevifunga vizuri," alisema Halfani, na Fortunatus akapata matumaini kwa muda usiozidi pumzi mbili. Kisha Halfani akafunua kifuniko cha vumbi. Majimaji yakamchuruzikia. Akayasugua kati ya vidole viwili. Akayasugua tena. Akatoka chini ya gari polepole, akanyoosha mkono juani ili kila mtu aone. Vidole vyake vilikuwa vimejaa povu.

"Mzee wangu," alisema. "Gari limeoga."

Bwana Arthur alisogea. "Nini hiyo?"

"Sabuni, bosi. Ya kufulia."

"Mafuta ya siku hizi ndivyo yalivyo," alisema Fortunatus haraka. "Haya ya madukani, yanayotoka nje. Ukiyatikisa yanatoa povu. Nimeshalalamika."

Halfani alimtazama. Hakuwa mtu mbaya, na baba yake mwenyewe alikuwa dereva. Akamvuta Fortunatus upande wa pili wa gari, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, sikiliza. Vikombe ninavyo. Silinda nitaifungua, nitaisafisha, nitaweka mafuta halali. Ikishika nusu saa tu, atasaini, utaondoka. Lakini mafuta ya breki Newala hakuna tangu juzi. Wenye malori wameyamaliza. Huna kopo hata moja?"

Fortunatus alifungua mdomo. Makopo yake yote yalikuwa Masasi, chini ya kitanda, na kati yake na hayo palikuwa na mlima mzima. "Sina," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amesema kweli, au alidhani hivyo.

Wakati huo Paulina alikuwa mbele ya meza, amepiga goti kidogo kama wafanyavyo wanawake wa kwao mbele ya mkubwa, ingawa mkubwa huyu angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho.

"Bwana mkubwa," alisema, "mimi ni mke wa dereva. Nimesikia kuwa mtu akipumzishwa anarudisha vya ofisi. Sisi bado hatujaambiwa, lakini nilivipakia pamoja na vyombo vyetu, na kwa kuwa nimefikishwa hapa naona nivikabidhi kabisa, isije ikasemwa tumetoka na kitu cha watu. Viko kwenye mkeka."

"Vitu gani, mama?"

"Sijui. Ni vya ofisi. Sijavifungua."

Fortunatus alisikia neno "mkeka," akazunguka gari mbio, lakini mbio za mtu wa miaka hamsini na mbili si mbio za kutegemea. Kuli wa ghala alikuwa ameshaushusha mkeka na kuukunjua. Ndani ya mkeka kulikuwa na sanduku la mbao, na ndani ya sanduku, yamepangwa safu kwa safu kama wanafunzi wa kidato cha kwanza siku ya kufungua shule, yalikuwamo makopo ya mafuta ya breki, mapya, yamezibwa, kila moja na mhuri wa Chama.

Hakuna aliyecheka. Halfani ndiye aliyekuwa na haki ya kucheka kuliko wote, naye alikuwa anayatazama makopo kama mtu anayetazama maji ya kunywa yaliyomwagwa.

"Mzee," alisema Bwana Arthur, "hukuyauza."

"Siuzi vitu vya Chama."

"Hukuyatumia."

"Nilikuwa nayaweka."

"Unayawekea nini?"

Fortunatus alitazama mtaa nje ya lango: duka, duka, duka, kila moja na bidhaa zimetundikwa mpaka nje. Alitaka kumweleza kijana huyu juu ya siku sita za Mtwara. Alitaka kumweleza ilivyo kukunjua karatasi ya sukari na kuilamba. Lakini maneno hayo, alipoyapima kichwani mwake mbele ya maduka yale, yakawa madogo na ya kipuuzi.

"Yatakapofungwa tena," alisema.

"Nini kitafungwa?"

"Basi tu."

Halfani aliomba ruhusa. Akachukua kopo moja kutoka kwenye sanduku, akalifungua, akaitoa silinda ya chini, akamwaga uchafu wake chini. Akaigeuza juani, akatia kidole ndani, na kidole kikatoka na kutu ya rangi ya chai. Aliifuta, akaifunga na vikombe vipya, akajaza mafuta halali, wakatoa upepo. Safari hii Paulina hakuambiwa akanyage; alikaa juu ya furushi lake. Fortunatus akakanyaga mwenyewe. Pedeli ikashika! Akakanyaga mara ya pili, ikashika. Akawasha, akaingiza gia ya kwanza bila kelele, gari likasogea hatua kumi kuuelekea ule mkorosho, na hapo mguu wake ukashuka, ukashuka, mpaka ukagusa sakafu.

"Ukuta wa silinda umeliwa," alisema Halfani. "Sabuni na maji, miaka yote hiyo. Umekuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Mpira wowote utakaouweka utakwanguliwa. Na ya juu nadhani iko hivyo hivyo. Hata tukimimina sanduku zima." Akajifuta mikono. "Silinda za gari hili siku hizi hawaleti. Wanaleta za magari ya Kijapani."

Bwana Arthur alirudi mezani, akaandika. Hakuandika sana; mistari miwili. Akamwita Fortunatus atie saini, akamwonyesha mahali kwa kidole, akamwambia kwamba kwa kuwa makopo yamerudi yote, hapatakuwa na kesi, na kwamba nyumba wanaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Fortunatus akatia saini kwa herufi nzuri alizofundishwa na mapadri. Akashukuru. Hakujua anashukuru nini.

Alipogeuka, Paulina alikuwa amesimama kando ya gurudumu la nyuma, mkono wake juu ya bati la gari. Hakuuliza habari ya kazi, wala ya nyumba.

"Baba Flora. Breki je?"

"Breki zimefanya nini? Si tumefika?"

"Sijauliza kama tumefika. Nauliza ndani yake mna nini."

Fortunatus alimtazama Halfani. Halfani alikuwa ameinama, anapanga spana zake kwa ukubwa, kisha anazipanga upya.

"Za mbele zina mafuta," alisema Fortunatus.

"Na za nyuma?"

Angeweza kusema chochote. Lakini mkewe alikuwa anamtazama kama alivyomtazama kule mlimani, juu ya dumu la dada yake, na Fortunatus akaona mlima ule wote kwa mpigo mmoja: magunia, wenyeviti, kwaya ya Lulindi imekaa nyuma inaimba, wanawake wajawazito wanaopelekwa hospitali, na Flora, binti yao, kila shule ikifungua, na sanduku lake la bati magotini, anashuka naye kona baada ya kona, anamsimulia vituko vya bwenini na yeye anacheka.

"Sabuni," alisema. "Ni mimi, Mama Flora. Tangu Flora hajang'oa meno ya utoto. Nilikuwa naiongeza Jumapili, mkiwa kanisani."